Kuvunja Noti Mezani: Namna ya Kumzoesha Mtoto Hesabu Nyumbani

Jumapili ndiyo siku ya soko la Kibuye, hapa Kisumu. Ukifika mapema, kabla jua halijakaza, utawakuta watoto wameketi na mama zao nyuma ya mafungu ya nyanya, magunia ya dagaa wa omena na marundo ya mitumba. Mteja ananunua vitu vya shilingi 65, anatoa noti ya 200. Mama yuko upande wa pili akibishana bei na mtu mwingine, kwa hiyo msichana wa miaka tisa ndiye anayeingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Anatoa sarafu ya tano: “Sabini.” Anatoa tatu za kumi: “Mia.” Anatoa noti: “Mia mbili.” Chenji imetoka, 135 kamili, na mteja ameshapotelea kwenye umati.

Jumatatu msichana huyo huyo yuko darasani, na ubaoni kumeandikwa 200 − 65. Anaandika 265.

Usicheke kwanza. Mwulize amefikaje hapo, naye atakueleza bila kusita: sufuri haiwezi kutoa tano, basi tano kutoa sufuri ni tano, sufuri haiwezi kutoa sita, basi ni sita, mbili inashuka. Ana kanuni, na ameifuata vizuri. Ila angeifuata pale sokoni, angempa mteja noti yake ya 200, amwongezee 65, na nyanya aende nazo bure.

Mwongozo huu nimemwandikia mzazi wa mtoto huyo. Mtoto wa huku kando ya Ziwa Victoria, awe wa Kibuye, Dunga, Kondele au Mbita, mara nyingi ana hesabu nyingi mdomoni kuliko daftarini. Kazi yako nyumbani ni kuzikutanisha hesabu hizo mbili, na kwa kazi hiyo huhitaji cheti cha ualimu wala pesa za tuisheni.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti waliofanya Recife, Brazil. Waliwaendea watoto wachuuzi watano kama wateja wa kawaida, wakawa wananunua na kuuliza bei. Mvulana mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi 10 ni pesa ngapi, kila nazi ikiwa kruzeiro 35. Hakuongeza sufuri mwishoni kama anavyofundishwa mwanafunzi. Alianza na nazi tatu, ambazo ni 105, akaongeza tatu nyingine, akaendelea hivyo hadi 350. Huko barabarani watoto hao walipata karibu kila swali, asilimia 98. Walipopewa hesabu za aina hiyo hiyo kwa namba tupu, bila nazi wala mteja, walipata asilimia 37.

Mwaka 2025 kundi la watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walichapisha matokeo kama hayo kutoka masoko ya Kolkata na Delhi, India, tena wakaongeza upande wa pili wa sarafu: watoto wa shule ambao hawajawahi kuuza kitu walifanya vizuri kwenye daftari, lakini hesabu za sokoni ziliwatatiza. Kwa hiyo wewe unayekaa Milimani, mwenye mtoto anayepata alama nzuri lakini hajawahi kushika noti dukani, usidhani naongea na jirani yako wa Nyalenda peke yake.

Umejuaje?

Ukichukua kitu kimoja tu katika makala hii, chukua swali hilo. Mtoto akitoa jibu, liwe sahihi au kosa, mwulize: umejuaje? Lakini mwulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Wengi wetu tuliulizwa swali hilo tukiwa tayari tumeshakosea, na kiboko kiko mezani, ndiyo maana likisikika leo tunaanza kujitetea.

Akikueleza, chukua kalamu uandike alichosema, kwa mpangilio wake mwenyewe. Msichana wetu wa Kibuye alisema sabini, mia, mia mbili. Andika 65, chora mshale hadi 70 na juu yake uandike 5. Mshale hadi 100, uandike 30. Mshale hadi 200, uandike 100. Kisha mwambie ajumlishe vilivyo juu ya mishale: 5 na 30 na 100, ni 135. Mwonyeshe. “Hii ni hesabu yako ya jana, nimeiandika tu.” Kwa watoto wengi ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba kile wanachokifanya na sarafu kina sura kwenye karatasi.

Sasa hamieni ile njia ya shule, namba zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine. Walimu huiita kukopa, neno ambalo mimi sijawahi kulipenda kwa sababu kilichokopwa hakirudishwi kamwe. Sisi tuna neno bora zaidi, na kila mtoto analijua: kuvunja noti. Weka mezani noti mbili za 100, sarafu kumi za shilingi 10, na kumi za shilingi 1. Ukikosa sarafu za shilingi moja, punje za mahindi zinatosha. Mtoto ana 200 na anataka kukupa 65, lakini mkononi ana noti tupu. Afanyeje? Atakwambia mwenyewe: tuvunje. Avunje noti moja apate kumi za kumi. Bado hana shilingi moja moja, basi avunje kumi moja apate punje kumi. Sasa ahesabu alicho nacho: noti moja ya mia, kumi tisa, moja kumi. Bado ni 200 ile ile. Atoe kumi sita na punje tano. Zinabaki mia moja, kumi tatu, punje tano.

Fanyeni hivyo mara mbili tatu kwa mikono, kisha afanye kwa mikono huku wewe ukiandika, kisha aandike yeye huku wewe ukishika pesa. Usiruke hatua ya katikati. Hapo ndipo hesabu ya mdomo inapohamia kwenye daftari, na haihamii kwa siku moja. Mpe wiki mbili, dakika kumi na tano kwa siku, wakati maji ya ugali yanachemka. Yakishachemka, acheni. Mtoto akiachia akiwa bado anataka kuendelea, kesho atakuja mwenyewe.

Hesabu za dani

Kwa wadogo, wa PP1 hadi Gredi ya 2, anzeni na kuhesabu kwa lugha ya nyumbani. Kuna wazazi mjini wanaoogopa kwamba Kijaluo kitamchanganya mtoto. Mimi naona kinyume. Mtaala wa CBC wenyewe unaruhusu lugha ya eneo kutumika kufundishia hadi Gredi ya 3, na Kijaluo kina hazina ya hesabu ndani yake.

Sikiliza vizuri: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Moja hadi tano, mkono mmoja umeisha. Kisha auchiel, ambayo ndani yake unaisikia achiel. Kisha abiriyo, ambayo ndani yake unaisikia ariyo. Sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili. Mtoto akiinua vidole, mkono wa pili unaanza upya kama lugha inavyoanza upya. Ukifika kumi, apar, inakuwa rahisi zaidi: kumi na moja ni apar gachiel, ishirini ni piero ariyo, yaani makumi mawili, na thelathini na tano ni piero adek gabich, makumi matatu na tano. Mtoto anayeweza kusema hivyo ameshaelewa thamani ya nafasi, jambo ambalo vitabu hulifundisha kwa kurasa nyingi na picha za vijiti. Kiswahili nacho kinasema wazi kumi na moja, kumi na mbili, lakini ishirini na thelathini ni maneno ya kukariri tu.

Watoto wengi wa kandokando ya ziwa wanalelewa na dani, yaani nyanya zao. Dani ambaye hakusoma hata darasa moja anaweza kumkalisha mjukuu mlangoni na kuhesabu naye kuku wakiingia, kwa makumi na mabaki. Anaweza pia kumfundisha ajua, ule mchezo wa kugawa mbegu vishimoni. Anayecheza ajua hukadiria mbegu yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajainua mkono, na huko ndiko kujumlisha kichwani. Msilaumu mchezo eti unapoteza muda.

Gorogoro iliyobonyea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika vyombo vyote vya hesabu vilivyomo nyumbani, hakuna kinachofundisha kama gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka.

Jazeni gorogoro ya mahindi, mpime kwenye mizani ya duka la jirani. Kisha jazeni gorogoro ile ile ya omena kavu, mpime tena. Kabla ya kupima, kila mtoto aseme anachotarajia na kiandikwe. Wengi watasema uzito ni uleule, kwa sababu tumezoea kuita mkebe huo “kilo mbili.” Mizani itawakatalia. Hapo mtoto wa Gredi ya 4 anajifunza, bila mhadhara, kwamba kujaa na kuwa zito ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna ule ujanja ambao kila mnunuzi wa Kisumu anaujua: gorogoro iliyogongwa chini ikabonyea kwa ndani. Tafuteni moja. Chukueni chupa ndogo ya maji mwione inaingia mara ngapi kwenye mkebe mzima na mara ngapi kwenye uliobonyea. Tuseme mzima umeingia chupa 5 na uliobonyea chupa 4 na nusu. Mwulize wa Gredi ya 6: tumeibiwa sehemu gani? Nusu chupa katika chupa tano, yaani moja ya kumi, asilimia 10. Kama gorogoro ni shilingi 150, shilingi 15 zimebaki kwa muuzaji. Na anayenunua gorogoro mbili kila wiki anapoteza pesa ngapi kwa mwaka? Mara mbili, mara 15, mara wiki 52: shilingi 1,560. Nimeona watoto wanaochukia asilimia wakiirudia hesabu hiyo mara tatu kwa hasira, na hasira ya namna hiyo naipenda.

Sehemu za namba zipo hata kwenye chapati. Ikate nusu mbele yao, nusu moja uikate tena robo mbili, mpe mmoja robo hizo mbili na mwingine nusu, uwaache wagombane.

Ukiwa na mtoto mkubwa kidogo, mpe kazi ya muda mrefu. Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili samaki wapate kuzaana. Mwambie aandike bei ya gorogoro ya omena kila Jumapili kuanzia Machi hadi Agosti, kisha achore grafu. Atakapoulizwa darasani maana ya grafu kupanda na kushuka, atakumbuka mboga ya nyumbani.

Saa mbili zisizolingana

Nitalitaja hili kwa ufupi kwa sababu linawasumbua wengi kimya kimya. Mtoto wetu anaishi na saa mbili. Nyumbani ni saa moja asubuhi. Shuleni, kwa Kiingereza, saa hiyo inaitwa saba. Tofauti ni sita daima, na mkono wa saa ya ukutani unaelekea upande wa pili kabisa wa namba tunayoitamka. Badala ya kumwacha ajikanganye, ligeuzeni liwe zoezi: mmoja ataje saa ya Kiswahili, mwingine aitafsiri. Kisha nendeni kwenye muda unaopita. Matatu imetoka Kisumu saa mbili kasoro robo, imefika Homa Bay saa nne na dakika ishirini; tumekaa njiani muda gani? Hapa msitumie ile njia ya kukopa, kwa sababu saa ina dakika 60 na kanuni ya makumi inaharibika. Panda kwa mishale kama msichana wa Kibuye: robo saa hadi saa mbili, saa mbili hadi saa nne, dakika ishirini. Jumla saa mbili na dakika 35.

Ishirini na moja tu

Kuna walimu na wazazi wanaosema kukariri jedwali la kuzidisha kumepitwa na wakati kwa kuwa simu ina kikokotoo. Sikubaliani nao. Mtoto anayesimama kutafuta 7 mara 8 katikati ya hesabu ndefu husahau alikuwa anaelekea wapi. Lakini nakubali kwamba jedwali linatisha, kwa hiyo lipunguzeni pamoja.

Chora jedwali la 1 hadi 10, visanduku 100. Futeni vya mara moja na vya mara kumi, hivyo havina kazi. Futeni vya mara mbili, ambavyo ni kujumlisha namba na yenyewe, na vya mara tano, ambavyo anavijua kwa sarafu. Kisha mwonyeshe kwamba 3 mara 7 na 7 mara 3 ni kitu kimoja, mfute kimoja katika kila jozi. Hesabuni vilivyobaki. Ni 21. Akishika vitatu kwa wiki, wiki saba zinamtosha, na muhula bado haujaisha. Andikeni vya wiki hii kwa chaki nyuma ya mlango, mwulize akiwa anafunga viatu. Na akisahau 7 mara 8, usimtajie. Mwulize, “7 mara 7 je?” Akisema 49, aongeze saba nyingine.

Wanaoingia sekondari

Mtoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 atakwambia hesabu zake zimekuzidi, na huenda ni kweli. Sasa badilisha nafasi: wewe uwe mwanafunzi. “Nifundishe hii ya herufi x.” Akikwama katikati ya kukueleza, amegundua mwenyewe mahali asipoelewa, na kesho ana swali la kumpelekea mwalimu.

Wewe nawe una hesabu ambazo kitabu chake hakina. Mwonyeshe daftari la nyoluoro, kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu. Wanawake 12, kila mmoja shilingi 200 kwa wiki: anayepokea anapata ngapi, zamu inamrudia baada ya wiki ngapi, na kama wawili wakichelewesha itakuwaje? Kama baba ni mvuvi, chukueni mapato ya usiku mmoja. Samaki wameuzwa 6,000, mafuta ya injini 1,500. Zilizobaki, 4,500, nusu ni ya mwenye mtumbwi, nusu ya pili wanagawana wavuvi watatu: 750 kwa kila mmoja. Kila ufuo una mgawo wake, kwa hiyo tumieni wa kwenu. Kisha mwambie aandike kanuni hiyo kwa herufi badala ya namba, ili ifanye kazi usiku wowote. Aljebra ndiyo hiyo.

M-Pesa imetuondolea chenji, lakini imetuletea ujumbe wa simu. Mpe asome: salio la mwanzo, kiasi kilichotumwa, ada, salio la mwisho. Afiche moja alitafute kwa hizo nyingine.

Kazi hii ya nyumbani si ya kuchezea, kwa kuwa hesabu haikimbiwi tena mlangoni mwa sekondari ya juu. Mtihani wa kwanza wa KJSEA, ule wa mwisho wa Gredi ya 9, ulifanywa mwaka 2025, Gredi ya 10 ya kwanza ikaanza Januari 2026, na baada ya malalamiko ya umma wizara iliamua kwamba kila mwanafunzi atasoma hisabati, awe wa sayansi au wa sanaa.

Mambo ya kuacha

Acha kusema “hata mimi hesabu zilinishinda.” Unadhani unamfariji. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto wa madarasa ya mwanzo na kuona kwamba wazazi wanaoogopa hesabu, waliposaidia mara kwa mara kazi za nyumbani, watoto wao walijifunza kidogo zaidi na wakaanza kuogopa pia. Hofu hiyo naijua. Mimi niliitwa ubaoni nikiwa Darasa la Nne, nikakosea, na mwalimu akalialika darasa zima linicheke. Hadi leo nikiona mgawanyo mrefu viganja vinalowa. Siku kama hizo, mpe mtoto gorogoro na chupa, uliache daftari. Ukihisi sauti yako inapanda, inuka ukakoroge ugali.

Acha kumtuma mvulana dukani kila siku na kumwacha dada yake jikoni. Anayeshika pesa ndiye anayezoea hesabu. Tazama wiki yako iliyopita useme ukweli ni nani alitumwa.

Na mtoto kuwa hodari wa chenji isiwe sababu ya kumfanya akose shule kwa ajili ya kuanika omena. Soko linamfundisha nusu moja tu.

Mara moja kila muhula, mpime. Tangu mwaka 2009 wajitolea wa Uwezo, na baadaye wa Usawa Agenda, wamekuwa wakienda nyumba kwa nyumba nchini Kenya na maswali ya kiwango cha madarasa ya mwanzo: tambua namba, jumlisha, toa, zidisha, gawanya. Fanya hivyo hivyo. Mtoto wa Gredi ya 5 akishindwa kutoa kwa kuvunja noti, rudini hapo hapo, mlango ukiwa umefungwa, jirani asisikie. Wiki mbili za kurudi nyuma ni nafuu kuliko miaka mitatu ya kubahatisha.

Leo jioni mtume unga. Mpe noti ya 500 na orodha ya vitu vitatu. Akirudi usimpokonye chenji uihesabu wewe. Kaa, mwache aipange mezani mwenyewe, aitaje kwa sauti, kisha msogezee kalamu.